Ndoo Iliyokataa Kupungua

Mwalimu Chonjo alikuwa mtu wa kushuku hata kivuli chake. Ukimsalimia kwa uchangamfu alikujibu vizuri tu, lakini ukishampa kisogo alianza kujiuliza unataka nini. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mwepesi, hakuchoka kuwasimulia wateja jinsi bwana harusi wake alivyokisoma cheti cha ndoa kuanzia juu hadi chini, akakirudia, wageni wote wamesimama wanamngoja, ndipo akatia saini. "Nikadhani anatafuta mlango wa kutokea," alisema mama huyo, kisha akaendelea kushona.

Jina la Chonjo alipewa na wanafunzi. Kila alipoingia darasani, kabla hajaweka vitabu mezani, alisema, "Kaeni chonjo!" Alifundisha uchumi madarasa ya juu ya sekondari, vijana wanaoanza kuota ndevu na ubishi kwa pamoja, na somo lenyewe lilimfaa kuliko suti aliyoshonewa na mkewe. Maana uchumi, kwa jinsi alivyoufundisha yeye, ulikuwa elimu ya kumshuku mwenzako kwa utaratibu. Muuzaji ana lake analoficha, mnunuzi naye ana lake. Mwamba ngoma huvutia kwake, aliwaambia, na kazi yetu hapa ni kumchorea mchoro.

Somo aliloliringia kuliko yote lilikuwa la ndoo. Kila mwanafunzi alipewa vifuniko kumi vya chupa za soda na bahasha moja. Akiwa ameinamia dawati lake, kwa siri, aliamua atie vingapi kwenye bahasha na abaki na vingapi. Bahasha zikadondoshwa kwenye ndoo ya bati iliyokaa mbele ya darasa. Mwalimu akazifungua, akavimimina vifuniko, akaongeza vingine kutoka kwenye gunia lake mpaka vikawa mara mbili, kisha akavigawa sawa kwa sawa kwa wote, aliyetoa na asiyetoa. Wote wakitoa vyote, kila mmoja anaondoka na ishirini. Lakini mjanja mmoja akibana vyake kumi na kungoja mgawo wa jasho la wenzake, anakaribia thelathini. Mjanja huyo Chonjo alimwita mdandiaji, kama yule anayening'inia nyuma ya lori akasafiri bila nauli. Na ili mchezo uwe na ladha, aliyemaliza na vingi kuliko wenzake aliongezewa alama tano kwenye jaribio.

Mwaka hadi mwaka mambo yalikwenda vilevile. Raundi ya kwanza ndoo inafika nusu, maana watu bado wanaoneana haya. Ya pili inapungua. Ya tatu wanaanza kutazamana kwa kijicho. Ya nne unaweza kuvihesabu vifuniko kwa vidole, na darasa zima linapigiana kelele: "Ni nani huyo? Nani anatunyonya?" Hapo Chonjo alikunja mikono, akatabasamu, akasema, "Mmeona? Barabara, taa za mtaani, bomba la maji, kila kilicho cha wote hufa hivi." Aliipenda dakika hiyo. Mungu amsamehe, aliipenda kuliko mshahara.

Mwaka huu dakika hiyo ilikuwa na uzito wa pekee. Mkuu wa shule, mama asiyezungusha maneno, alimwita ofisini.

"Mwalimu, mwakani uchumi wa madarasa ya juu utakuwa na mwalimu mmoja tu. Ni wewe au yule kijana. Alhamisi mkaguzi atakaa darasani kwako, Ijumaa kwake. Atakayesifiwa ndiye."

"Na mwingine, Mama?"

"Atashuka madarasa ya chini, akawafundishe watoto kutunza hesabu za duka."

Yule kijana alikuwa mwalimu mgeni ambaye wanafunzi walimwita Skrini, kwa sababu alifundisha kwa picha za kumulika ukutani na alikuwa hashiki chaki, asije akachafua mikono. Chonjo alitoka ofisini akijisemea. Kutunza hesabu za duka, yeye! Umri ule, apewe watoto wa kuwapangusa pua na kuwafundisha upande wa kuume na upande wa kushoto wa ukurasa. Aliapa moyoni kwamba Alhamisi mkaguzi angeiona ile dakika yake kwa macho yake mwenyewe.

Jumatatu akaanza kuwazoeza wanafunzi kanuni za mchezo. Akawapa vifuniko, akawapa bahasha, akawaapia kama alivyowaapia wa miaka yote: "Unachotia humo ni siri yako. Hakuna atakayejua, hata mimi." Wakainama, wakatia, wakadondosha. Bahasha zilianguka kwenye bati kwa kishindo, kila moja nzito.

Akazifungua. Kumi. Kumi. Kumi. Mpaka ya mwisho, kumi.

"Hamjaelewa kanuni," aliwaambia. Akazirudia polepole, kwa mchoro ubaoni, mdandiaji akiwa amechorewa hadi kofia. Wakaitikia kwamba wameelewa. Wakacheza tena, na ndoo ikajaa tena pomoni, hakuna aliyebana hata kifuniko kimoja. Wote wakawa wa kwanza. Wote wakamtazama kwa nyuso safi, za watu wasio na hili wala lile, na hizo nyuso ndizo zilizomtia wasiwasi zaidi. Mtoto wa shule akikutazama kwa uso safi namna ile, kagua mfuko wako.

Darasa lile alilijua vizuri. Kulikuwa na kijana mmoja, Mkopo, aliyeitwa hivyo kwa kuwa aliazima kalamu tangu siku ya kwanza ya shule na hajapata kurudisha hata moja. Ati Mkopo naye ametoa vyote kumi kwa hiari! Hapana. Hapa pana mkono wa mtu.

Akaanza kumtafuta mwenye mkono huo. Wa kwanza kushukiwa alikuwa Skrini, na nani asingemshuku? Saa ya mapumziko alimwona amesimama dirishani akiongea na vijana watatu wa darasa lile, wakicheka. Chonjo alipita karibu, akajifanya anakagua fremu ya dirisha. Wakanyamaza.

"Fremu ina nini, Mwalimu?" Skrini aliuliza.

"Mchwa," Chonjo alijibu. "Wanaingia kidogo kidogo, huwaoni, siku moja dirisha linakuangukia."

Fremu ilikuwa ya chuma. Skrini aliitazama, akamtazama mwenzake, akaenda zake.

Wa pili alikuwa binti wa kaka yake. Kaka huyo alifanya kazi mbali, na binti alikuwa amelelewa nyumbani kwa Chonjo tangu akiwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Darasani waliomjua walimwita Wakili, maana hakuweza kumwona mtu akisingiziwa bila kusimama kumtetea, hata kama aliyesingiziwa mwenyewe ameshakubali kosa. Chonjo hakumpendelea hata chembe, na alama zake alizitoa kwa mkono mkavu kuliko wa wengine. Lakini Jumatatu hiyo, ndoo ilipojaa, alimwona binti akimtupia jicho kiranja wa darasa, na kiranja akainamisha kichwa. Jicho lile lilimkaa Chonjo kooni siku nzima. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia njiani akirudi nyumbani, na binti mwenyewe akitembea kando yake, amembebea mkoba.

Jioni hiyo alichukua sindano kwenye meza ya mkewe. Akakaa chumbani na furushi la bahasha, akazitoboa moja moja chini ya ulimi wa kufungia, kila moja mahali pake. Tundu la pembeni kulia ni dawati la kwanza safu ya dirishani, linalofuata ni la pili, na kuendelea hivyo hadi mlangoni. Ilikuwa kazi ya ufundi. Mkewe akachungulia.

"Umeanza kushona karatasi sasa?"

"Mambo ya shule."

"Haya. Ila sindano yangu uirudishe, hiyo ya karatasi ikigusa hariri inaivuta nyuzi."

Siku iliyofuata alizigawa bahasha kwa mkono wake mwenyewe, dawati kwa dawati. Kabla hawajaanza akawaonya, "Najua kuna njama humu. Nikimbaini aliyeipanga, yeye na wote waliomfuata, jaribio lao ni sifuri." Wakatia, wakadondosha. Naye akafungua bahasha akipapasa matundu kwa ncha ya kidole, uso umekauka kama wa mchezaji wa karata. Ndoo ikajaa tena. Wote, mmoja mmoja, kwa majina yao. Kiranja kumi. Wakili kumi. Mkopo kumi.

Baada ya kipindi akamzuia Mkopo mlangoni.

"Wewe. Kalamu ya mwenzako ina miezi mingapi mfukoni mwako?"

"Nitarudisha, Mwalimu."

"Mtu kama wewe. Imekuwaje leo ukatia vyote kumi?"

Kijana akamtazama mwalimu wake taratibu, toka viatuni hadi usoni.

"Umejuaje kama nilitia kumi, Mwalimu?"

Chonjo akatazama ndoo. "Ndoo ilijaa," alisema. "Kama ilijaa, si ulitia?"

"Ndiyo, Mwalimu," Mkopo aliitikia, akaondoka. Lakini alikwenda akigeuka nyuma.

Jumatano jioni, mkesha wa ukaguzi, Chonjo alimkuta binti akimsaidia mkewe kushonea vifungo mashati ya mteja. Akakaa. Akasifia vifungo. Akauliza habari za masomo mengine, jambo asilowahi kuuliza tangu dunia iumbwe. Mkewe akaweka kitambaa chini.

"Mwulize mtoto unachotaka kumwuliza, umekizunguka mpaka nasikia kizunguzungu mimi."

"Nani aliwaambia mjaze ndoo?" alitoboa.

"Mimi, Baba mdogo," binti alisema.

Alikuwa amejiandaa kwa uongo, kwa machozi, kwa kuapa. Kwa jibu hilo hakuwa amejiandaa.

"Wewe! Na nani alikutuma? Skrini?"

"Skrini wa nini? Nilikusikia ukimwambia Mama kwamba Alhamisi wanakukagua, na kwamba wanaweza kukushusha. Kuta zetu hizi si nene. Nikawaambia wenzangu. Tukakubaliana tukusaidie."

"Mnisaidie kwa kunijazia ndoo?"

"Si wewe unayesema wote wakitoa, wote wanapata ishirini? Tukaona hilo ndilo jibu. Mkaguzi akikuta ndoo imejaa, ataona darasa lako limeelewa. Tulitaka tusikuaibishe."

Mkewe aliangua kicheko mpaka akajishika mbavu. Chonjo hakucheka. Alihisi kitu kikimlegea kifuani, kitu kilichokuwa kimefungwa muda mrefu, na hakujua akifanyie nini, basi akakasirika.

"Jibu si hilo! Somo ni ndoo ipungue! Ikijaa mimi sina somo. Nitasimama mbele ya mkaguzi nizungumzie nini, tabia njema?"

"Yaani unatufundisha kosa, halafu tukilikwepa unanuna?"

"Na Mkopo? Mkopo naye alitaka kunisaidia?"

"Mkopo ndiye wa kwanza kukubali. Alisema wewe ndiye mwalimu pekee anayelisoma daftari lake mpaka ukurasa wa mwisho."

Hilo lilikuwa kweli. Alilisoma mpaka mwisho akitafuta alikonakili.

Binti akachoma sindano kwenye kifungo, akaiacha hapo. "Ila Mkopo ametuambia lingine. Anasema ulijua alichotia. Tukaziokota zile bahasha kwenye pipa la taka. Zina matundu, Baba mdogo."

Mkewe alimtazama, na hakuwa akicheka tena. Sasa alielewa sindano yake ilikwenda wapi.

"Nilikuwa natafuta ukweli," Chonjo alisema.

"Ungeuliza."

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, naye akachutama kwa namna yake: alikohoa, akavua miwani, akaifuta. "Kesho nitaleta bahasha mpya," alisema. "Safi. Sitazitia alama. Nakuahidi."

Uso wa binti ulifunguka. "Basi na mimi nitawaambia. Na kama unataka ndoo ipungue, tutaipunguza. Raundi ya kwanza kila mtu atie saba, ya pili nne, ya tatu kimoja, ya nne bure. Mkaguzi ataona unachotaka aone."

"Hilo mimi sijalisikia," alisema Chonjo, kwa sauti ya mtu aliyelisikia vizuri sana.

Usiku huo alilala kama mtoto. Laiti angeamka hivyo hivyo! Lakini kulipopambazuka alikuwa macho, na mawazo yalikuwa yamemtangulia kuamka. Saba, nne, kimoja, bure. Mbona binti alikuwa na hesabu tayari kichwani? Mtu hupanga hivyo papo kwa papo? Na kama wamekasirika kwa ajili ya matundu, si wanaweza kumdanganya binti mwenyewe, wakaijaza ndoo mbele ya mkaguzi ili wamkomoe? Na Skrini, alicheka nini dirishani? Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, na Chonjo hakuwahi kuumwa na nyoka, lakini alikuwa ameshtuka maisha yake yote.

Bahasha mpya zilikuwa mezani, nyeupe, safi kama alivyoahidi. Mkewe alikuwa uani. Akachukua sindano ya kutarizi, ile nyembamba kuliko zote, ambayo tundu lake huwezi kuliona mpaka uambiwe. Ni tahadhari tu, alijiambia. Raundi ya kwanza ikienda kombo nitajua nimwangalie nani. Na bahasha ni mpya, hilo nimelitimiza.

Mkaguzi alikuwa mzee mpole aliyepandisha miwani kwenye paji la uso akaisahau huko. Alikaa nyuma kabisa, Mkuu wa shule kando yake. Darasa lilisimama, likaamkia, likaketi. Wakili alikuwa na uso uliochangamka, na Chonjo alipomfikia na bahasha yake, binti alimtabasamia kidogo, kwa siri, tabasamu la watu wa nyumba moja.

Akaeleza kanuni. Akaapa kile kiapo chake: hakuna atakayejua, hata mimi. Wakati anasema hayo, aliona kijana wa safu ya dirishani akiinua bahasha yake juu, kwenye mwanga. Akaiteremsha. Aliyefuata naye akainua. Kisha wa nyuma yake. Joto, Chonjo alijiambia, wanajipepea. Asubuhi ile hakukuwa na joto.

Bahasha zikadondoka. Mlio wake haukuwa ule wa siku zote. Chonjo akazifungua moja moja, mkaguzi akiwa amesogea kutazama. Tatu. Mbili. Hakuna kitu. Moja. Mbili. Hakuna kitu. Alitarajia saba, saba, saba. Mara bahasha moja ikawa nzito, akaimimina, ilikuwa na saba kweli. Akashusha pumzi, akidhani sasa zinaanza. Hazikuanza. Zilizofuata zilikuwa nyepesi zote. Hakuthubutu kupapasa matundu, macho ya mkaguzi yakiwa begani kwake.

Raundi ya pili vilipatikana vifuniko vya kujaza kiganja. Ya tatu bahasha zilianguka kwenye bati bila mlio wowote, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa tupu. Haikuhitajika ya nne. Miaka mingine hapo ndipo kelele zilipoanza, nani anatunyonya, nani. Safari hii hakuna aliyeuliza. Walikaa wima, kila mmoja amefunika vifuniko vyake kwa mikono miwili, hakuna anayemtazama jirani yake.

Mkaguzi alivutiwa mno. Akamgeukia kijana aliyekuwa karibu naye, naye alikuwa Mkopo. "Mwanangu, kwa nini hukutoa?"

Mkopo akasimama. "Sikujua nani anaangalia, mheshimiwa."

"Jibu zuri!" mkaguzi alisema, akaandika. "Zuri sana! Hakuna imani, hakuna cha wote." Na kipindi kilipokwisha alimshika Chonjo mkono kwa mikono yake yote miwili. Somo hili, alisema, amelisoma vitabuni tangu ujana, lakini hajapata kuliona likiwa hai kiasi hiki. Mkuu wa shule, ambaye si mtu wa kutabasamu hovyo, alitabasamu. "Nadhani la Ijumaa ni la kukamilisha utaratibu tu," alimnong'oneza. "Njoo ofisini, tunywe chai."

Wanafunzi wakatoka kwa mapumziko. Wakili peke yake alibaki, anaokota bahasha sakafuni. Chonjo alimwendea mikono imetanda, furaha imemjaa mpaka pomoni.

"Mmeigiza nyinyi! Mmeigiza kushinda waigizaji! Mlipunguza haraka kidogo, lakini si neno."

"Hatukuigiza," binti alisema.

Hakuinua kichwa. Aliendelea kuzipanga bahasha, pembe kwa pembe.

"Asubuhi walibisha. Walisema hawachezi tena na mtu anayewatobolea. Nikawaambia, mimi namjua, nimekula kwake tangu sijui kutembea, akiahidi anatimiza. Niliwaapia, Baba mdogo. Wakakubali kwa ajili yangu. Kisha ukagawa bahasha, wakaziinua dirishani."

"Ilikuwa tahadhari tu. Nilitaka kuhakikisha..."

"Ulisema utakayemkamata kwenye njama anapata sifuri. Wakaona saba ndiyo mtego wenyewe, atakayetia saba amejikamatisha. Kila mtu akajiokoa kivyake." "Na sasa wanasema nilitumwa. Kwamba mimi na wewe tulipanga nyumbani, mimi niwashawishi, wewe uwanase. Hakuna anayetaka kukaa na mimi."

Chonjo akakaa kwenye dawati, dogo kwake, magoti yakagonga mbao. Alimkumbuka akimtabasamia. Wakati ule bahasha ilikuwa bado mkononi mwake, hajaiinua. Lakini aliketi katikati ya watu walioinua, aliwaona, aliwasikia wakinong'ona, na alikuwa na muda wote wa kufikiri.

"Na wewe ulitia ngapi?" aliuliza.

"Si una matundu yako? Soma."

Hakuhitaji kusoma. Bahasha nzito ya raundi ya kwanza ilikuwa moja tu. Katika darasa zima mtu mmoja alikuwa ameshika neno lake, akijua kwamba linaweza kumpa sifuri, akijua kwamba yule aliyemtetea kwa wenzake amemwangusha, na mtu huyo ndiye Chonjo aliyemshuku tangu Jumatatu. Aibu ilimpanda Chonjo, aibu ya kweli, isiyo na pa kuiegemeza. Angempa Skrini uchumi wote wa dunia ili jambo hilo lisiwe.

"Nitakwenda kuwaambia," alisema, akainuka. "Sasa hivi."

"Baba mdogo, chai yako ofisini..."

"Wainywe wao."

Darasa zima lilikuwa barazani, limejitenga makundi makundi. Walipomwona wakageuka. Binti alimfuata, akasimama kizingitini. Chonjo hakuwahi kukiri kosa mbele ya wanafunzi, hakujua hata mikono huwekwa wapi, akaiacha ining'inie.

"Jamani," alisema, "sikilizeni. Bahasha nilizitoboa mimi. Za juzi na za leo. Huyu binti hakujua. Hakutumwa na mtu yeyote. Aliniamini akawaambia mniamini, na mimi nikamwangusha. Mwenye makosa ni mimi peke yangu. Hakuna atakayepata sifuri."

Walimsikiliza kwa adabu zote, mikono nyuma, kama alivyowafundisha. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyenung'unika. Alitazama uso mmoja hadi mwingine, akitafuta hata mmoja ulioelekea kizingitini kwa binti, na kila alipotazama alikutana na jicho lake mwenyewe, lile la kupima, lile la kungoja mtu amalize kusema ili ujue alikuwa anataka nini.

Mkopo akainua mkono, kama yuko darasani.

"Sema," Chonjo alimwambia.

"Samahani, Mwalimu," kijana aliuliza kwa upole. "Ni yeye aliyekutuma useme hivyo?"